Bio-Oss, utando wa Bio-Gide na seli shina: kipi kinarudisha mfupa wa taya?

Bio-Oss ni chembe nyeupe za mfupa wa ng'ombe zinazotengenezwa na kampuni ya Geistlich ya Wolhusen, Uswisi. Ni miongoni mwa vijazo vya mfupa vilivyochunguzwa sana katika tiba ya kinywa, na kliniki nyingi zinazoweka implanti za meno (skrubu zinazopandikizwa tayani ili zishike jino la bandia) ama zinazo ama zina kitu kilichotengenezwa kwa kuiga mfano wake. Tunaipima hapa pamoja na utando wake wa kolajeni (protini ya ngozi na mifupa), Bio-Gide, na pamoja na kile ambacho wagonjwa wengi siku hizi wanakiulizia kabla ya chochote kingine: seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za mfupa.

Tutangulize hukumu. Bio-Oss inafanya kazi yake vizuri sana, ila kazi hiyo si ile ambayo mgonjwa huambiwa. Chembe hizi hazigeuki kuwa mfupa. Zinashika nafasi isibonyee, zinampa mshipa wa damu pa kupita na seli za mfupa pa kushika, na mfupa mpya unaletwa na taya lenyewe. Taya likiwa halina damu, au mshono ukiachia, hakuna chapa ya chembe itakayomwokoa mgonjwa. Na seli shina za kujenga mfupa wa taya ni sayansi ya kweli inayoendelea vizuri, lakini bado haijawa bidhaa ya kununuliwa kwenye kaunta ya kliniki. Anayeiuza hivyo leo anapaswa kuulizwa maswali magumu, nayo tumeyaandika huko chini.

Kinachopotea jino likitoka

Ukuta wa mfupa upande wa mdomo, hasa kwenye meno ya mbele ya juu, mara nyingi haufiki milimita 1 kwa unene. Sehemu kubwa ya ukuta huo ilikuwepo kwa ajili ya kulishika jino tu. Jino likitoka, damu iliyokuwa ikipita kwenye nyuzi za mzizi inakatika na ukuta unaanza kuliwa. Schropp na wenzake walichapisha vipimo mwaka 2003: upana wa ukingo wa taya ulipungua kwa karibu nusu ndani ya miezi 12, na theluthi mbili ya upungufu huo zilitokea katika miezi 3 ya kwanza. Mtu aliyekaa miaka mingi na meno ya bandia ya kuvua na kuvaa anapoteza zaidi, kwa sababu plastiki inaukandamiza ukingo kila anapotafuna.

Kwa hiyo swali la kijazo linafaa kuulizwa kabla koleo halijashika jino. Kujaza tundu siku ile ile ni kazi ndogo. Kuupanua ukingo uliokwisha kunyauka ni upasuaji mwingine kabisa, mrefu zaidi na wa gharama zaidi.

Ndani ya kichupa

Mfupa wa ng'ombe, ambao kampuni huutoa Australia, hupitishwa kwenye joto kali na alkali mpaka protini zote ziishe na kubaki madini matupu, yenye matundu madogo yale yale ya mfupa wa asili. Kwa kuwa protini hazipo, mwili wa mgonjwa hauna cha kukipiga vita.

Saizi ni mbili. Chembe ndogo ni za milimita 0.25 hadi 1, chembe kubwa ni za milimita 1 hadi 2. Kichupa cha gramu 0.25 cha chembe ndogo hujaza takriban mililita 0.5, cha gramu 0.5 hujaza mililita 1, na cha gramu 2 hujaza mililita 4. Chembe kubwa huacha nafasi zaidi kati yake, hivyo gramu 0.5 hufika mililita 1.5. Tundu la jino la mzizi mmoja kwa kawaida linatosheka na gramu 0.25 za chembe ndogo, tundu la gego linahitaji gramu 0.5. Tunaliandika hili kwa sababu bili zinazotaja gramu 1 au 2 kwa tundu moja la jino la mbele zipo, na mgonjwa ana haki ya kuuliza chembe zilizobaki zilikwenda wapi. Kichupa kikishafunguliwa hakirudishwi kabatini wala hakitumiki kwa mtu mwingine.

Sifa inayoitofautisha Bio-Oss na washindani wake ni kwamba haiyeyuki upesi. Vipande vya mfupa vilivyochunguzwa miaka 11 baada ya kujazwa bado vilionyesha chembe zile zile, zimezungukwa na mfupa hai. Hili lina faida na hasara yake. Faida: ujazo haupungui, uso wa ufizi haudidimii, na kwenye jino la mbele hilo ndilo linalotafutwa. Hasara: mahali pale hapawi mfupa mtupu. Ukitoa kipande baada ya miezi 6, mfupa mpya mara nyingi huwa karibu robo ya eneo lote, sehemu nyingine inayokaribia hapo ni chembe za ng'ombe, na iliyobaki ni uboho na tishu laini. Implanti hushika kwenye mfupa huo mpya, haishiki kwenye chembe.

Hapa ndipo picha ya eksirei inapowadanganya wengi. Chembe ni madini, zinaonekana nyeupe kwenye picha tangu siku ya kwanza. Mgonjwa anaonyeshwa picha baada ya wiki 6 na kuambiwa mfupa umeshaota. Weupe anaouona ni wa ng'ombe. Ukweli hujulikana siku ya kutoboa kwa ajili ya implanti. Mfupa mzuri unakinza drili na kutoa damu. Ule ambao haukuota unatoa chembe zinazomwagika, hauna damu, na drili inazama bila kizuizi.

Namna inavyotumika kwenye tundu la jino

Jino litolewe bila kulipanua tundu kwa nguvu. Nyuzi zinazolishika zikatwe kwa kisu chembamba, gego ligawanywe mizizi kwa drili yenye maji, kila mzizi utoke peke yake. Kulitikisa jino kwa koleo kuelekea shavuni ndiko kunakovunja ukuta mwembamba tuliousema hapo juu, na ukuta ukishavunjika kazi yote inabadilika. Kisha tundu likwanguliwe mpaka mfupa mtupu uonekane, hasa palipokuwa na jipu, na lioshwe kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa. Mfupa lazima utoke damu. Ukibaki mkavu na mweupe, daktari aupige vitundu vidogo kwa drili ndogo ili damu ya uboho iingie.

Baada ya hapo kuta zihesabiwe kwa kijiti cha kupimia. Kuta zote nne zikiwa nzima, kazi ni rahisi. Ukuta wa nje ukiwa umepotea, utando utangulie kuwekwa upande huo, chini ya ufizi, kabla chembe hazijaingia. La sivyo chembe zitakimbilia kwenye tishu laini na kubaki huko milele kama vipele vigumu.

Chembe hulowekwa kwa maji ya chumvi au damu ya mgonjwa mwenyewe mpaka zishikane kama mchanga uliolowa. Zinaingizwa kidogo kidogo na kubonyezwa kwa upole. Wengi hukosea hapa kwa bidii: wanazishindilia wakidhani kubana ndiko kuimarisha. Nafasi kati ya chembe ndiyo njia ya mishipa ya damu. Ukiiziba, katikati ya tundu panabaki chembe zilizokufa njaa. Kosa la pili ni kujaza kupita ukingo wa mfupa. Kinachozidi hakina kuta za kukishika, ufizi hauwezi kufunga juu yake, na ndani ya siku chache kinaishia mdomoni. Mgonjwa akiona chembe mbili tatu ulimini wiki ya kwanza asihangaike. Zikitoka kila siku, au zikitoka pamoja na usaha au harufu, arudi kliniki siku hiyo hiyo.

Utando hukatwa uvuke ukingo wa tundu kwa milimita 2 hadi 3 kila upande, ukaingizwa chini ya ufizi. Bio-Gide ina pande mbili zisizofanana: upande laini hutazama ufizi, upande wa nyuzinyuzi hutazama mfupa. Kazi yake ni kuuzuia ufizi usikue kuelekea ndani. Ufizi hukua upesi, mfupa hukua polepole, na bila kizuizi ufizi hushinda. Nyuzi za kushonea ziwe za uzi mmoja usiosukwa, za namba 5-0 kwa mfano. Hariri iliyosukwa hufyonza mate na bakteria mpaka kwenye jeraha. Zinatolewa baada ya siku 10 hadi 14. Implanti huwekwa baada ya miezi 4 hadi 6. Daktari anayetoboa katika mwezi wa pili ili kumfurahisha mgonjwa anayesafiri anacheza na kazi yake mwenyewe.

Utando unatokana na nguruwe

Hili lingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila fomu ya ridhaa, na mara nyingi haliandikwi. Kolajeni ya Bio-Gide inatoka kwa nguruwe. Bio-Oss ya chembe tupu ni ya ng'ombe, lakini ile iitwayo Bio-Oss Collagen, inayouzwa ikiwa kipande kinachokatika kwa mkasi, ina asilimia 90 ya chembe za ng'ombe na asilimia 10 ya kolajeni ya nguruwe. Mgonjwa Mwislamu wa Mombasa, Zanzibar au Muscat anastahili kuambiwa kabla ya kulala kwenye kiti, ili aamue mwenyewe au akamuulize shehe wake. Mgonjwa Mhindu naye ana suala lake na ng'ombe. Njia mbadala zipo na hazimpunguzii mtu tiba: tando za kolajeni ya ng'ombe, tando za plastiki ya PTFE zinazotolewa baadaye, na chembe za maabara zisizotokana na mnyama yeyote. Kliniki isiyoweza kujibu swali la "hii imetoka kwa mnyama gani?" haijausoma mkebe wake, na kwa upande huu alama zetu ni sifuri.

Ukingo mwembamba na sakafu ya sinasi

Kuupanua ukingo uliokwisha kunyauka ni kazi ya mkono uliozoea. Mbinu inayojulikana zaidi ni ya Istvan Urban wa Budapest: chembe za ng'ombe huchanganywa nusu kwa nusu na mfupa wa mgonjwa mwenyewe uliokwanguliwa nyuma ya taya la chini, utando wa kolajeni huvutwa juu yake na kukazwa kwa pini ndogo za titaniamu mpaka mchanganyiko usitikisike hata kidogo, kisha husubiriwa miezi 7 hadi 9. Katika wagonjwa 25 aliowaripoti mwaka 2013, upana uliongezeka kwa wastani wa milimita 5.68. Hiyo ni tofauti kati ya kukosa implanti kabisa na kuweka implanti ya kawaida.

Nusu ile ya mfupa wa mgonjwa ndiyo inayoleta seli hai. Ukiona bei imepunguzwa kwa kuiacha, fahamu kwamba uhai wa mchanganyiko ndio uliopunguzwa.

Kinachoharibu zaidi kazi hii ni jeraha kufunguka, na jeraha hufunguka kwa sababu ufizi ulivutwa. Mfupa ukiongezwa milimita 5, ngozi iliyokuwa ikiufunika haitoshi tena. Daktari anapaswa kuukata utando mgumu wa ndani ya ufizi, kwa kina cha takriban milimita 1 tu, ili ufizi unyooke. Kipimo ni rahisi: kabla ya kushona, ufizi wa upande mmoja uweze kulala juu ya mwenzake kwa milimita kadhaa bila kushikiliwa. Ukirudi nyuma peke yake, ukishonwa utaachia, kwa kawaida ndani ya wiki mbili za kwanza. Sababu ya pili ni meno ya bandia yanayogusa jeraha. Mgonjwa anaona aibu kutembea bila meno, anayavaa, na kila akitafuna anazisogeza chembe. Chembe inayosogea haizungukwi na mfupa, inazungukwa na kovu.

Kwenye magego ya juu tatizo huwa kimo. Juu ya mizizi kuna uwazi wa sinasi, pango la hewa ndani ya mfupa wa uso, na mfupa uliobaki unaweza kuwa milimita 3 au 4 tu. Dirisha dogo hufunguliwa pembeni, ngozi nyembamba ya sinasi huinuliwa bila kutobolewa, na chembe hujazwa chini yake. Boyne na James walichapisha njia hii mwaka 1980. Ngozi hiyo hupasuka mara nyingi kuliko wagonjwa wanavyoambiwa, karibu mara moja katika tano. Mpasuko mdogo hufunikwa kwa kipande cha utando na kazi ikaendelea. Mpasuko mkubwa ni wa kufunga na kurudi miezi kadhaa baadaye. Kulazimisha chembe zipite hapo ni kuzimwaga kwenye sinasi, na sinasi iliyojaa chembe zenye maambukizi ni ugonjwa mpya kabisa. Mfupa uliopo ukiwa chini ya milimita 5, implanti kwa kawaida husubiri miezi 6 hadi 9. Mgonjwa asipenge kamasi kwa nguvu kwa wiki mbili, na chafya aitoe mdomo ukiwa wazi.

Kwa sinasi, Bio-Oss tunaipa alama za juu kabisa. Ni pango lenye kuta karibu pande zote, shinikizo la pumzi halikomi, na chembe isiyoyeyuka ndiyo inayofaa hapo.

Washindani

Mfupa wa binadamu aliyefariki, uliokaushwa kwa barafu, hutumika sana Marekani. Uko wa aina mbili: wenye madini na ulioondolewa madini. Wood na Mealey walizilinganisha mwaka 2012 kwenye matundu ya meno, na baada ya takriban wiki 19 ule ulioondolewa madini ulikuwa na mfupa hai wa asilimia 38 hivi, mwingine asilimia 25 hivi. Kwa tundu lenye kuta nne, ambapo hakuna hofu ya kubonyea, tunaupendelea kuliko Bio-Oss, kwa sharti mgonjwa aridhie na benki ya tishu ulikotoka ijulikane.

Chembe za maabara za kalsiamu fosfeti hazina mnyama wala maiti ndani yake. Zile za trikalsiamu fosfeti huyeyuka katika miezi, wakati mwingine kabla mfupa haujawahi, na ujazo unapungua. Zile zilizochanganywa na hidroksiapatiti hudumu zaidi. Kwa mwenye zuio la dini ni chaguo la heshima kabisa.

PRF (fibrini, yaani nyuzi za damu iliyoganda, yenye chembe sahani nyingi) hutokana na damu ya mgonjwa mwenyewe, njia iliyoletwa na Joseph Choukroun wa Ufaransa mwaka 2001. Damu inachukuliwa kwenye chupa za mililita 10 zisizo na dawa ya kuzuia kuganda na kuingizwa mara moja kwenye mashine ya kuzungusha, kwa mizunguko 2700 kwa dakika kwa muda wa dakika 12 kwa mfano. Ikichelewa zaidi ya dakika moja au mbili, inaganda ovyo na tonge halipatikani. Tonge la fibrini linalotoka husaidia jeraha kupona na maumivu kupungua, na likikatwakatwa pamoja na chembe hufanya mchanganyiko unaonata usiotawanyika. Lakini linayeyuka ndani ya wiki mbili hivi, kwa hiyo haliwezi kushika nafasi ya utando kwenye kazi ya miezi 6. Na PRF si seli shina. Ina chembe sahani na chembe nyeupe za damu. Kliniki inayoandika "tiba ya seli shina" kwenye bango huku ikizungusha chupa nne za damu inamuuzia mgonjwa jina.

Kisha kuna BMP-2, protini ya kuchochea mfupa, inayouzwa na Medtronic kwa jina la Infuse, iliyoidhinishwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mwaka 2007 kwa sakafu ya sinasi na matundu ya meno. Ni unga unaoyeyushwa kufikia miligramu 1.5 kwa mililita, ukamwagiwa sponji ya kolajeni, na kusubiriwa angalau dakika 15 ili protini ishike. Inaita kweli seli shina za mgonjwa mwenyewe na kuziamuru ziwe za mfupa. Uvimbe unaofuata ni mkubwa, gharama yake ni kubwa, na sponji hubonyea ikikosa kitu cha kuishikilia. Haiwekwi kwa mjamzito, wala mahali penye uvimbe wa kuota (tyuma) au palipotolewa uvimbe wa namna hiyo. Hilo la mwisho lina uzito kwetu, kwa sababu ameloblastoma, uvimbe unaokula taya, ni ugonjwa unaoonekana sana kwenye hospitali zetu za rufaa.

Na tuseme hapa hapa: taya lililokatwa kwa ajili ya ameloblastoma halijazwi kwa vichupa. Pengo linaloondoa mwendelezo wa taya linahitaji mfupa wa nyonga, au mfupa mwembamba wa mguu ukihamishwa pamoja na mishipa yake ya damu na kuunganishwa shingoni. Mgonjwa anayeahidiwa chembe au sindano ya seli kwa pengo la namna hiyo anapotezewa muda.

Seli shina zenyewe

Matokeo ya kweli yapo, na yanatia moyo. Mwaka 2004 huko Kiel, Ujerumani, Warnke na wenzake walijaza wavu wa titaniamu kwa vipande vya Bio-Oss, wakaongeza miligramu 7 za protini ya BMP-7 na mililita 20 za uboho wa mgonjwa, wakauotesha ndani ya msuli wa mgongo wake kwa wiki 7, kisha wakauhamishia tayani. Mwaka 2009 wataalamu wa Finland walifanya jambo la aina hiyo kwa taya la juu, wakitumia seli za mafuta zilizooteshwa maabara. Kipandikizi kilikaa miezi 8 kwenye msuli wa tumbo. Mwaka huo huo, Naples, d'Aquino na wenzake walitumia seli kutoka kiini cha magego ya mwisho. Mfupa uliota, ila uchunguzi wa miaka 3 baadaye ulionyesha ni mgumu uliojaa, hauna yale matundu ya mfupa wa kawaida wa mahali pale.

Chuo Kikuu cha Michigan kilifanya jaribio la wagonjwa 24, likachapishwa mwaka 2013. Uboho wa nyonga ulioteshwa maabara siku 12 na kurudishwa kwenye matundu ya meno kwa sponji. Mfupa uliota upesi kuliko njia ya kawaida, na wagonjwa wachache zaidi walihitaji kuongezewa mfupa siku ya implanti. Na huko Bergen, Norwei, jaribio lililochapishwa mwaka 2018 liliwachukua wagonjwa 13 wenye taya la chini lililonyauka vibaya. Uboho wa nyonga ulioteshwa kwa kutumia chembe sahani za binadamu, ukachanganywa na chembe za kalsiamu fosfeti, na baada ya miezi 4 hadi 6 implanti ziliwekwa kwenye mfupa uliokuwa haupo.

Angalia kinachojirudia katika yote haya. Seli haziendi peke yake: daima kuna chembe, sponji au wavu wa kuzishika. Daima kuna maabara yenye kibali cha kuotesha seli za binadamu. Daima kuna siku au wiki kati ya kuchukua uboho na kuurudisha. Na idadi ya wagonjwa ni ndogo. FDA haijaidhinisha bidhaa yoyote ya seli shina kwa kujenga mfupa wa taya.

Kwa hiyo kliniki ikisema inatoa tiba hii, iulizwe: seli zinatoka wapi, nyonga, mafuta au jino? Zinaoteshwa maabara ipi, na kibali chake ni cha nani? Ni jaribio la kitafiti lenye kamati ya maadili, na kama ni jaribio, kwa nini mgonjwa analipa? Kijazo kinachozishika ni kipi? Jibu likiwa "zinatoka kwenye friji, ziko tayari leo", ondoka.

Bidhaa za mfupa wa marehemu zenye seli hai zipo sokoni Marekani, na zina hatari yake ya pekee: kuzitakasa kabisa ni kuziua seli. Mwaka 2021 na tena mwaka 2023 zilisababisha milipuko ya kifua kikuu kwa wagonjwa waliopandikizwa. Ule wa kwanza uliwagusa zaidi ya watu 100, wengi wao wakiwa wa upasuaji wa uti wa mgongo. Katika nchi ambako kifua kikuu bado ni mzigo mkubwa, hatuoni sababu ya kuzikaribisha kwa ajili ya jino.

Nani asiguswe bado, na cha kufanya baada ya upasuaji

Mwenye kisukari kisichodhibitiwa ashushe sukari kwanza. Anayepata sindano za zoledronic acid au denosumab (dawa za kuzuia mfupa usiliwe) kwa ajili ya saratani, au aliyepigwa mionzi tayani, asiguswe bila mtaalamu wa upasuaji wa kinywa na uso kukaa na daktari wake wa saratani. Mfupa wake unaweza kufa badala ya kuota. Ufizi wenye usaha utibiwe kwanza. Mvuta sigara aache wiki kadhaa kabla na baada, kwa kuwa nikotini inabana ile mishipa midogo ambayo kazi nzima inaitegemea. Ugoro, tambuu na miraa navyo vikae mbali na jeraha mpaka ufizi ufunge.

Siku za kwanza: barafu shavuni, chakula laini kisicho moto, kichwa kiinuliwe usiku, kusukutua kwa nguvu na mrija vipigwe marufuku. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini ya asilimia 0.12 au 0.2 itumike taratibu, mara mbili kwa siku, kwa muda aliosema daktari. Mswaki usipite juu ya mshono.

Jambo moja la kudai kabla ya kutoka mlangoni: kila kichupa cha Bio-Oss na kila bahasha ya utando ina vibandiko vyenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kimoja kinabaki kwenye faili la kliniki, kingine kiombwe kibandikwe kwenye karatasi ya mgonjwa. Daktari atakayefungua mahali pale miaka 5 baadaye, awe Nairobi, Dar es Salaam au Toronto, atakuta chembe nyeupe kwenye picha na atataka kujua ni za nini.